Chungu cha Shaba Kinachobeba Titani

Kazi yangu ni kusubu sufuria hapa Masasi. Nanunua rimu na bloku za injini zilizokufa, nazivunja kwa nyundo na kuzitia kwenye chungu cha chuma juu ya mkaa unaopulizwa na feni. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, chuma hutaka zaidi ya 1,500, basi chungu kinahimili. Naengua utando wa kijivu kwa upawa, namimina kwenye kalibu ya mchanga. Wateja wangu wengi huteremka kutoka Newala msimu wa korosho, wakitafuta masufuria makubwa ya shughuli za unyago.

Mmoja wao, mzee aliyefungwa bamba la titani alipovunjika paja, aliniuliza: "Mwanangu, hiki cha mguuni mwangu nacho unaweza kukisubu?"

"Hapana, mzee wangu. Moto unaweza kupatikana. Chungu ndicho taabu."

Titani huyeyuka kwenye nyuzi 1,668, na ikishapata moto hushambulia kila inachokigusa. Hunyonya oksijeni na naitrojeni ya hewani, ikapoteza unyumbufu na kupasuka. Ukiiweka kwenye chungu cha udongo, hupora oksijeni iliyomo ndani ya udongo wenyewe. Ukiiweka kwenye cha kinywe, madini waliyojaliwa jirani zetu wa Ruangwa, hunywa kaboni.

Chungu kilichofaa ni cha shaba, nayo shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 tu! Siri ni maji baridi yanayozunguka nje yake bila kukoma. Kazi yote hufanyika ndani ya chumba kilichofyonzwa hewa. Titani yenyewe hupatikana kwa njia ya William Kroll wa Luxembourg, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1940: magnesi huinyang'anya klorini, yakabaki matonge yenye vitundu kama sifongo. Matonge hayo huchanganywa na aloi ya alumini na vanadi iliyoandaliwa mapema. Mchanganyiko hugandamizwa kuwa mche mrefu, ukaning'inizwa juu ya chungu. Umeme huruka kutoka ncha ya mche hadi kitako cha chungu, na mche ukaanza kudondoka tone kwa tone. Matone yanayogusa shaba huganda papo hapo yakawa gamba. Yanayofuata hutulia juu ya titani mwenzao. Kisha bonge hugeuzwa na kuyeyushwa upya ili mchanganyiko ulingane. Aloi inayotumika zaidi ina alumini asilimia 6 na vanadi 4. Ndiyo ya ndege na ya mifupa.

Kwale, Kenya, walisafirisha mchanga wa titani tangu 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Uliondoka ukiwa mchanga, na duniani mchanga wa aina hiyo huishia zaidi kwenye rangi nyeupe. Inaniuma, kwa sababu kule Liganga, Ludewa, mwamba mmoja una chuma, titani na vanadi kwa pamoja. Kabla haujaanza kupakiwa kwenye malori, nataka vyuo vyetu viwe na tanuri ndogo ya ombwe na chungu cha shaba, hata cha kuyeyushia kidonge cha gramu 50.