Sakafu Ndiyo Inayokula Barafu

Leo tuzungumze juu ya sakafu. Najua wengi hamkutegemea habari ya sakafu katika kipindi hiki, lakini kwa watu wa Kibirizi jambo hili limekwisha kuwa la mtaji na la deni, na mtaji wa mtu si jambo la kudharau.

Kibirizi, kwa asiyepafahamu, ni mwalo ulioko kilomita chache kaskazini ya mji wa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Dagaa wanaoshushwa pale wana njia yao ya zamani: huanikwa juani, akina mama huwageuza, na wakikauka husafiri hata mwezi mzima bila kuoza. Barafu ya nini kwao? Mgebuka, kuhe na sangara ndio wanaotaka baridi tangu wanapotolewa majini. Tena uvuvi wa taa hufuata giza. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hupumzika, na giza likirudi samaki huja wote kwa pamoja na bei huporomoka. Aliye na mahali pa kuwatunza siku mbili tatu huuza kwa bei yake mwenyewe. Asiye napo huuza kwa bei ya mnunuzi. Ndiyo maana watu wanajenga vyumba vya baridi uani kwao.

Mmoja wao ameniandikia barua. Amekopa fedha, amejenga chumba cha mita tatu kwa tatu, amenunua mlango mzito, amefunika kuta na dari kwa mabamba mazuri ya kuzuia joto. Barafu haikai. Anasema inayeyuka kuanzia chini, rundo linakaa ndani ya maji wakati juu bado ni gumu. Anauliza kama aongeze mkopo anunue mashine kubwa zaidi ya barafu. Nilipoisoma barua mara ya pili nikaona kwamba hakusema neno hata moja juu ya sakafu, isipokuwa kwamba ni ya saruji na inang'aa.

Kosa hili lina asili yake. Tumezoea kuamini kwamba chini ni baridi. Mtungi hukaa chini, kuku mwenye joto hulala chini, na mtoto akishikwa na homa utamkuta amejinyoosha sakafuni. Vitabu vya ujenzi kutoka Ulaya navyo vinaongeza chumvi, maana kule mwenye nyumba anayependa mvinyo huchimba chumba chini ya ardhi, na mara nyingi huacha sakafu yake ya udongo au kokoto tupu ili ubaridi wa ardhi umfanyie kazi bure. Katika mahandaki ya chaki ya Champagne, Ufaransa, joto hukaa kati ya nyuzi 10 na 12 mwaka mzima. Kwa mvinyo, hiyo ni pepo.

Lakini ardhi haina baridi yake yenyewe. Ukishuka mita chache chini, udongo hushika wastani wa joto la hewa la mwaka mzima la mahali pale. Wa Ufaransa kaskazini ni mdogo, wa Kigoma ni kama nyuzi 24. Nyayo zetu husikia baridi kwa sababu mwili una nyuzi 37. Barafu ina sifuri, na kwa mwenye sifuri nyuzi 24 ni jiko. (Hata mpenzi wa mvinyo wa Dodoma anayetaka kuzitunza chupa zake kwa nyuzi 13 au 14 hatasaidiwa na shimo. Akichimba, atahitaji kizuia joto chini kama muuza samaki.)

Nimejaribu kumpigia hesabu ndugu yetu huyu. Sakafu ya zege tupu ya mita tisa za mraba, chini nyuzi 24 na juu sifuri, hupitisha joto linalozidi kidogo la balbu tano za wati 60 zilizowashwa usiku na mchana chini ya rundo la barafu. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunataka kilojuli 334, basi balbu hizo tano hula kilo 75 na zaidi kila siku ya Mungu, kabla mlango haujafunguliwa hata mara moja. Akiweka chini bamba la polistireni la unene wa sentimita 10, zinabaki wati kama 60, yaani balbu moja, kilo 15 hivi kwa siku. Mashine kubwa zaidi ingemsaidia tu kulisha zile balbu tano.

Sasa namna ya kujenga. Kwanza chagua mahali, na kwa Kibirizi hili ndilo gumu. Mchanga wa ufukweni hauko mbali na maji, na ziwa lenyewe halitulii. Katika karne ya 19 Mto Lukuga, njia pekee ya maji ya ziwa hili kutoka, uliziba; ulipofunguka karibu na mwaka 1878 ziwa lilishuka mita nyingi. Kuanzia mwaka 2020 na miaka iliyofuata likapanda tena, likaingia katika nyumba na bandari za kandokando yake, Burundi na Kongo hadi huku kwetu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengine huiona ni usumbufu. Kwa chumba cha baridi, hata kama sheria isingekuwapo, ningekuambia usogee juu, kwa sababu kizuia joto kilicholowa ni sawa na kutokuwa nacho.

Ondoa udongo wa juu, jaza mawe na moramu, shindilia kwa awamu mpaka sakafu ipande juu ya uwanja, kisha mwaga jamvi la zege na ulisawazishe. Juu ya jamvi tandika nailoni nene ya ujenzi, ile mafundi waiitayo geji 1000, vipande vipandane sentimita 30, na kingo zipande ukutani. Nailoni hii hukaa chini ya kizuia joto, upande wa joto. Mvuke wa ardhini hukimbilia kwenye baridi. Usipozuiwa hapo utapenya ndani ya mabamba, utageuka maji, na baada ya mwaka utakuwa umejenga sifongo.

Halafu mabamba. Tumia tabaka mbili za sentimita 5, viungo vya juu visikae juu ya viungo vya chini. Polistireni ile laini inayofungiwa televisheni haifai, tafuta iliyoshindiliwa. Uzito wa barafu usikutishe: rundo la mita moja kwenda juu halifiki tani moja kwa mita ya mraba, na bamba zuri hulistahimili. Kinachotoboa ni gurudumu la toroli na pembe ya kreti. Kwa hiyo juu yake weka nailoni nyingine, kisha zege la sentimita 7 na nusu lenye wavu wa chuma.

Asiye na fedha ya mabamba asikate tamaa. Mwaka 1833 Mmarekani Frederic Tudor alipeleka barafu kwa meli kutoka Boston hadi Calcutta, safari ya miezi kadhaa, na katika biashara yake ya barafu alitumia maranda ya mbao kuzuia joto. Pumba za mpunga ni bora kuliko maranda, maana haziozi upesi. Zikauke kabisa, zifungwe ndani ya nailoni, zishindiliwe kati ya mbao za kubeba uzito, na unene uwe karibu mara mbili ya ule wa bamba. Kwa mwenye kreti kumi za samaki, mimi ningemshauri ajenge sanduku kubwa la namna hii lililoinuliwa juu ya miguu, aachane na chumba.

Angalia pembeni. Kizuia joto cha ukuta lazima kishuke kikutane na cha sakafu. Zege la juu likigusa ukuta wa nje, joto hupita hapo kama panya. Sakafu iinamie upande mmoja, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, maji ya barafu yatoke kwa bomba lenye kona ya kushika maji ili hewa ya joto na mende visiingie. Anayetaka kugandisha samaki kwa nyuzi 18 chini ya sifuri ana kazi zaidi: baada ya muda udongo ulio chini huganda nao, maji yakiganda huongezeka karibu asilimia 9, na sakafu huinuka na kupasuka. Huyo hulaza mabomba ya kupitisha hewa chini ya jamvi, na mabomba hayo yasifikiwe na maji ya ziwa.

Ndugu mwenye barua, usivunje sakafu yako. Tandika nailoni, mabamba, nailoni na zege juu ya hiyo iliyopo, ukiuacha mteremko wake na kulipandisha tundu la bomba. Utapoteza kama sentimita 18 za kimo, na mlango itabidi uinuliwe. Siku ya kumwaga zege simama mwenyewe uikague nailoni, maana tundu la msumari likishafunikwa hakuna atakayeliona tena. Zege limwagiliwe maji siku saba, na barafu ya kwanza isiingie kabla ya wiki nne.