Chuma ndani ya mfupa: Je, ni kweli mwili hukikataa?

SI AJABU kumsikia mgonjwa aliyetiwa chuma mguuni baada ya ajali ya bodaboda akilalama kwamba mwili wake "umekataa chuma". Mguu umevimba, jeraha lililokuwa limefunga limeanza kutoa usaha, na jamaa zake wanamwambia kuwa damu yake haipatani na vyuma.

Kauli hiyo ina ukweli kidogo, lakini aghalabu huficha tatizo lenyewe na kuchelewesha tiba.

Figo ya mtu mwingine hukataliwa kwa sababu ni kiungo hai, na kinga ya mwili huitambua kuwa ni ya mgeni. Ndiyo maana aliyepandikizwa figo humeza dawa za kutuliza kinga. Chuma, plastiki na silikoni si vitu hai, na aliyewekewa hahitaji dawa hizo.

Hata hivyo, mwili haupuuzi kitu kigeni. Punde tu kinapoingizwa, protini za damu hukigandia. Kisha chembe nyeupe za damu hufika na kujaribu kukimeza kama zinavyomeza vijidudu. Zikishindwa kwa sababu ya ukubwa wake, baadhi huungana na kuwa chembe moja kubwa. Hiyo nayo ikishindwa, mwili hukizungushia ukuta wa nyama ngumu mfano wa kovu.

Kwa kawaida ukuta huo ni mwembamba na hauna madhara. Wanawake wanaotumia vijiti vya kupanga uzazi huwa nao mkononi bila kujua. Lakini wakati mwingine hukaza. Kwa waliowekewa matiti ya silikoni, kukaza huko huweza kuleta ugumu na maumivu.

Si kila kitu kigeni huzusha vurugu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, daktari wa macho Mwingereza, Harold Ridley, alikumbuka kuwa vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani havikuwa vimewadhuru kama ilivyotarajiwa. Mnamo 1949, jijini London, alimwekea mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi ya plastiki ya aina hiyo.

Nchini Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mifupa ya sungura katika miaka ya 1950 alipogundua kwamba vifaa vyake vya titaniamu havitoki tena. Mfupa ulikuwa umeshikamana navyo. Mnamo 1965 alianza kutumia madini hayo kushikiza meno bandia kwa binadamu.

Iwapo mwili huweza kuvumilia kiasi hicho, usaha wa yule mgonjwa watoka wapi?

Jibu kwa kawaida ni bakteria. Hawa hujibandika juu ya chuma na kujifunika kwa utando ambao dawa na chembe za kinga hupenya kwa shida. Wanaweza kuingia wakati wa upasuaji, kupitia jeraha au kupitia damu, na dalili huweza kuchukua miezi au hata miaka kujitokeza. Vidonge vya kununua dukani huweza kupunguza uvimbe kwa muda huku maradhi yakiendelea kula mfupa.

Sababu nyingine ni kulegea. Katika nyonga na magoti bandia, msuguano hutoa punje ndogo mno. Chembe nyeupe huzimeza, kisha hutoa kemikali zinazochochea mfupa kumomonyoka, na kiungo kikaanza kucheza. Kadhalika, wako wachache wenye mzio wa nikeli, madini yaliyomo katika chuma cha pua.

Haya yote yana tiba, mradi mgonjwa arudi mapema. Maambukizi yakigunduliwa upesi, huenda daktari akasafisha jeraha na kukiacha chuma mahali pake. Yakikawia, huenda kikalazimika kutolewa.

Kwa hivyo, maumivu yakirejea, jeraha likivimba, likipata joto au kutoa majimaji, au homa ikizuka, rudi hospitalini badala ya kwenda kukandwa. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, uliza umewekewa kifaa gani na kimetengenezwa kwa madini gani, kisha uihifadhi karatasi hiyo pamoja na picha za eksirei. Daktari atakayekutibu miaka kumi baadaye huenda akazihitaji.