Mitaa ya Maduka na Misimu Yake, Kutoka Shinyanga hadi Geita

Katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita, biashara ya mitaa mikuu ya maduka hupanda na kushuka kwa kufuata mambo matatu: mvua, pamba na dhahabu. Anayetaka kuitembelea mitaa hiyo, iwe kwa manunuzi au kwa kuona historia, hufaidi zaidi akijua ilitoka wapi na ni msimu gani inachangamka.

Shinyanga ni mji wa reli. Njia ya treni ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na stesheni zilizokuwa njiani zikawavuta wafanyabiashara. Jina la Old Shinyanga, kilomita chache kutoka mjini, bado linakumbusha makazi yaliyotangulia mji wa sasa. Wenye maduka wa kwanza, wengi wao Wahindi na Waarabu, waliuza chumvi, mafuta ya taa, nguo na majembe, na walinunua kutoka kwa wakulima pamba, karanga, ngozi na samli. Duka moja lilikuwa soko la pande mbili: mkulima alishusha mzigo, akapokea fedha, na kabla ya kurudi kijijini sehemu kubwa ya fedha hiyo ilikuwa imeshabaki hapohapo kaunta.

Biashara hiyo ya pande mbili ndiyo iliyoyapa maduka umbo lake. Katika miji ya reli ya bara, duka la zamani huwa na chumba cha mbele kinachofunguka barabarani, makazi ya familia nyuma au ghorofani, na ua wenye stoo ya mazao. Mbele hupita baraza pana yenye nguzo na paa la bati. Baraza hiyo humkinga mteja na jua kali la Usukumani pamoja na mvua za ghafla za Desemba, na tangu zamani imekuwa karakana ya fundi cherehani. Mteja huchagua kitambaa dukani, hupimwa barazani, huendelea na shughuli zake sokoni, kisha hurudi kuchukua nguo iliyokwisha shonwa. Mgeni anayetazama juu ya milango ya majengo ya namna hii mara nyingine hukuta mwaka wa ujenzi umeandikwa kwa saruji, na huo ndio waraka rahisi kuliko yote wa historia ya mtaa.

Baada ya reli, mambo mawili yaliongeza fedha mjini. La kwanza ni almasi. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, kaskazini mashariki mwa Shinyanga, na mgodi huo ukazaa jamii ya wafanyakazi wenye mshahara wa kila mwezi. La pili ni ushirika. Wakulima wa pamba walikuwa wakilalamikia mizani ya wanunuzi binafsi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 walijipanga chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika shirikisho lililojulikana kama VFCU. Tangu hapo mzani wa pamba ulianza kuhamia mikononi mwa wakulima wenyewe, na fedha za mauzo zikaja mjini kununua baiskeli, mabati, redio na cherehani.

Miaka iliyofuata ilibadili umiliki wa mitaa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Sheria ya mwaka 1971 ikaruhusu serikali kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na majengo hayo yakasimamiwa na Msajili wa Majumba hadi mwaka 1990, yalipohamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Biashara ya jumla nayo ilishikwa na kampuni za biashara za mikoa, na wakati wa uhaba wa miaka ya mwanzo ya 1980 watu walipanga foleni kununua sukari, sabuni na vitenge. Milango ya biashara binafsi ilipofunguliwa tena kuanzia mwaka 1984, mitaa ilijaa bidhaa upya. Safari hii wafanyabiashara wengi walikuwa wenyeji wa mkoa na wahamiaji kutoka mikoa jirani.

Anayekwenda kununua leo atakuta mtaa mkuu na soko kuu vinategemeana. Madukani kuna vitenge, khanga, vyombo, vifaa vya ujenzi, pembejeo na vipuri vya baiskeli. Sokoni kuna mazao yanayoitambulisha kanda: mchele, dengu, choroko, karanga, mtama na mafuta ya alizeti. Kitu cha kutafutwa hasa na mgeni ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Michembe hukatwa na kuanikwa vikiwa vibichi. Matobolwa huchemshwa kwanza, kisha hukatwa na kuanikwa. Vyote viwili ni akiba ya Wasukuma kwa miezi ya njaa, na matobolwa hutafunwa pia kama kitafunwa safarini. Kutoka Ziwa Victoria hufika dagaa, sangara na sato, wabichi kwa wakavu.

Kalenda ya mwaka huanza na mvua za Novemba. Wakulima hununua mbegu, majembe na dawa, na fedha nyingi huingia shambani. Desemba huleta Krismasi, na Januari hufungua shule. Kwa hiyo wiki za mwisho wa mwaka ni za nguo za watoto, sare na madaftari, na mafundi cherehani hukesha. Sikukuu za Idi huleta msongamano wa aina hiyo hiyo, lakini kwa kuwa zinafuata mwezi mwandamo, kila mwaka huangukia tarehe tofauti. Februari na Machi ni miezi ya mkono mtupu, kwa sababu akiba ya chakula inapungua na mazao mapya hayajakomaa.

Msimu mkubwa huanza Mei, pamba inapoanza kununuliwa kupitia vyama vya msingi. Kanda ya magharibi inayolima pamba, ambamo Shinyanga na Geita zimo, hutoa zaidi ya asilimia 90 ya pamba yote ya Tanzania. Bei ya kilo moja ikipanda, kila duka la mtaa huhisi. Kati ya Juni na Agosti mavuno yakiwa ghalani, huja mbina, yaani ngoma za mashindano za Wasukuma. Makundi mawili makuu, Bagika na Bagalu, yanayofuatilia asili yao hadi kwa waganga Ngika na Gumha, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Mashuhuri zaidi ni sherehe za Bulabo, zinazofanyika Juni katika Makumbusho ya Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza. Tarehe 8 Agosti ni Nane Nane, sikukuu ya wakulima, na viwanja vya Nyakabindi wilayani Bariadi hupokea waoneshaji wa Shinyanga, Simiyu na Mara.

Mbali na sherehe hizo za mwaka, kuna minada. Kila mnada una siku yake, na mifugo, mitumba, vyombo na nyama choma huuzwa katika uwanja mmoja. Tinde, mahali barabara ya Shinyanga inapoachana kuelekea Nzega na Kahama, ni miongoni mwa vituo vinavyojulikana. Mwenye mpango wa kwenda aulize siku ya mnada kwa wenyeji kwanza, kwani siku nyingine uwanja huo huwa mtupu.

Upande wa Geita na Kahama, dhahabu huongeza msimu usio na tarehe. Mgodi wa zamani wa Geita ulianza kazi zama za ukoloni, miaka ya 1930, ukaendelea hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Bulyanhulu, uliokuwa ndani ya wilaya ya Kahama, ulifuata mwaka 2001. Pembeni mwa migodi hiyo wapo maelfu ya wachimbaji wadogo, na duara moja, yaani shimo lao la uchimbaji, likitema dhahabu, maduka ya mji wa karibu hufurika wateja siku hiyohiyo. Ndiyo maana mitaa ya Katoro, kando ya barabara ya Geita kuelekea Chato, ina maduka mengi ya gambuti, nyundo, moko, kamba na pampu za maji sambamba na maduka ya nguo na simu.

Machi 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifungua mjini Geita soko la kwanza la madini nchini. Muuzaji huleta dhahabu, hupimwa uzito na ubora mbele yake, bei huelezwa wazi, na serikali huchukua mrabaha wa asilimia 6 pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Biashara iliyokuwa ikifanyika vichochoroni ikapata mlango wa mbele. Tangu mwaka 2018 mji huo pia una maonesho ya kila mwaka ya teknolojia ya madini katika viwanja vya Bombambili, kwa kawaida kati ya Septemba na Oktoba, ambapo makarasha, vigundua dhahabu na njia za kuchenjua bila zebaki huoneshwa kwa umma.

Mgeni katika mitaa hii aanze na salamu. Kwa Kisukuma, asubuhi husemwa mwangaluka, mchana mwadila, na mwenye kusalimu vizuri hupunguziwa bei kwa urahisi zaidi. Bei ya vitu visivyo na lebo hujadiliwa kwa upole, na picha ndani ya soko la madini zisipigwe bila idhini. Asubuhi ndiyo saa nzuri ya sokoni, kabla jua halijawa kali.

Mitaa yenyewe inabadilika haraka. Mwishoni mwa mwaka 2021 wamachinga walihamishwa kutoka kando ya barabara kwenda maeneo maalumu, na reli mpya ya Mwanza hadi Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, inapita Shinyanga. Maduka ya zamani yanabomolewa kupisha ghorofa, na baraza zenye nguzo ndizo huondoka kwanza. Halmashauri zinaweza kuziokoa kwa gharama ndogo: kuyaorodhesha majengo ya kabla ya Uhuru, kuweka kibao chenye mwaka na kazi ya kila jengo, na kumtaka anayejenga upya abakize baraza kwa ajili ya wapita njia na mafundi. Miji iliyozaliwa na biashara ina haki ya kutunza maduka yake kama inavyotunza boma na kanisa.