MIFEREJI INAYOVUJA NA KOKI ZILIZOGANDA: NAMNA YA KUZITENGENEZA MAJUMBANI

Wananchi wengi wanapoona mfereji unatona au kiungo cha bomba kinatoa unyevu hufikiri kwamba hasara yake ni ya maji peke yake. Hasara hiyo ipo, nayo si ndogo: mfereji unaojaza ndoo moja ya lita 20 kwa siku hupoteza lita 7,300 kwa mwaka. Hata hivyo, iko hasara nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo haionekani kwa macho. Katika kiungo cha bomba, pahala panapotoka maji wakati bomba limejaa ndipo panapoingia uchafu wakati bomba ni tupu.

Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Maji yanapokuwemo bombani kwa nguvu, huyasukuma nje yote yaliyo pembeni ya tundu. Yanapokatika, yale yaliyobaki huteremka kuelekea sehemu za chini, na bomba huanza kunyonya. Ikiwa bomba hilo limepita ndani ya mtaro au jirani na karo la choo, kinachonyonywa ni maji machafu, na maji yanaporudi uchafu huo huletwa mpaka jikoni. Mlipuko wa kipindupindu uliovikumba visiwa vyetu mwaka 2015 na 2016 unatosha kutukumbusha uzito wa jambo hili.

Aidha, maji yetu mengi hutoka chini ya ardhi. Karibu na pwani maji matamu hayo huelea juu ya maji ya bahari, na yanapovutwa kupita kiasi maji ya chumvi hupanda kuchukua nafasi yake. Kila lita inayovuja ovyo ni lita iliyovutwa kisimani bila ya faida.

Kwa hivyo, yanaelezwa hapa chini matengenezo ambayo mwenye nyumba anaweza kuyafanya mwenyewe kwa spana mbili, bisibisi na vifaa vya bei nafuu.

1. KUTAMBUA UVUJAJI
Nyumba yenye mita ifunge mifereji yote usiku wakati maji yapo, na namba za mita ziandikwe. Asubuhi, kabla ya maji kutumika, zisomwe tena. Zikiwa zimesogea, iko sehemu inayovuja. Viungo vilivyo wazi vipanguswe na kufungwa karatasi kavu. Karatasi itakayolowa itaonesha mahali penyewe.

2. KABLA YA KUANZA KAZI
Koki kuu ifungwe, kisha mfereji ufunguliwe ili maji yaliyobaki yatoke. Tundu la beseni lizibwe kwa kitambaa, kwani parafujo nyingi hupotea hapo.

3. MFEREJI UNAOTONA MDOMONI
Kwa kawaida ubovu huwa katika washa, yaani kile kiduara cha mpira kinachoziba njia ya maji. Nati ya juu ifunguliwe, kichwa cha mfereji kitolewe pamoja na mti wake, na washa mpya ya ukubwa ule ule itiwe. Kiduara kilichokatwa kutoka katika ndara au mpira wa baiskeli hufaa kwa siku chache tu. Kikalio cha shaba kitazamwe pia: kikiwa kimechimbika, washa mpya nayo haitadumu. Kuukaza mfereji kwa nguvu kila unapotona hakuutengenezi. Ndiko kunakokichimba kikalio hicho.

Maji yakitoka shingoni, chini ya mkono wa mfereji, nati ya shingo ikazwe robo mzunguko. Yakiendelea, nati ifunguliwe na uzi ulio ndani yake ubadilishwe.

4. KIUNGO CHENYE HESI
Kiungo kifunguliwe na hesi zisafishwe kwa brashi mpaka mabaki yote ya zamani yatoke. Zizungushiwe utepe mweupe wa mafundi mara tatu hadi tano, kwa upande ule ule ambao kiungo hukazwa. Ukizungushwa kinyume hujikunja na kutoka. Hesi ya mwanzo iachwe wazi ili vipande vya utepe visiingie ndani ya maji.

Kiungo cha plastiki kikazwe kwa mkono kwanza, kisha kwa spana nusu mzunguko au pungufu ya hapo. Plastiki nyingi hupasuka kwa kukazwa kupita kiasi, na ufa wake huenda usionekane mpaka siku ya pili.

5. KIUNGO CHA GUNDI
Kupaka gundi juu ya kiungo kinachovuja ni kupoteza gundi. Gundi ya mabomba ya plastiki haishiki penye maji, wala haiingii ndani ya kiungo kilichokwisha kukauka. Sehemu hiyo ikatwe, bomba likaushwe, na kiungo kipya kitiwe. Maji yasifunguliwe mpaka umetimia muda ulioandikwa kwenye kopo la gundi.

6. KOKI ILIYOGANDA
Ardhi yetu ni ya mawe ya chokaa, na maji yake huacha gamba jeupe ndani ya koki. Hewa ya bahari nayo huleta kutu kwa nje. Koki isiyoguswa kwa miaka huganda, na mwenye nyumba huligundua hilo siku bomba linapopasuka, wakati anapoihitaji zaidi.

Koki kama hiyo isilazimishwe. Kitambaa kilicholoweshwa siki au maji ya ndimu kifungwe juu yake kwa muda wa saa moja, kwani tindikali huyeyusha chokaa, kisha koki isuuzwe. Baadaye izungushwe kidogo mbele na kidogo nyuma, mara nyingi, mpaka ilegee. Spana ya pili ishike bomba lisigeuke, la sivyo kiungo kilicho ukutani kitakatika. Kitambaa cha maji ya moto husaidia kuilegeza nati ya chuma. Moto wa jiko au wa taa usitumike karibu na plastiki, wala mafuta ya taa na dizeli visitiwe katika bomba la maji ya kunywa, kwa kuwa huharibu mpira na kubaki katika maji.

Ikishalegea, ifungwe na kufunguliwa kila baada ya miezi mitatu. Koki ya kuzungusha inapofunguliwa mpaka mwisho irudishwe robo mzunguko, ili isigande ikiwa wazi.

7. BOYA LA TANGI
Tangi linalofurika huwa na boya lililotoboka na kuingia maji, au mdomo wa boya umeziba kwa chokaa na washa yake haikai sawa. Boya bovu libadilishwe. Mdomo wenye chokaa uloweshwe katika siki na kusuguliwa.

MAMBO YA KUZINGATIA
Baada ya matengenezo, maji ya mwanzo yaachwe yatoke mpaka yawe meupe. Yanaweza kutumika kwa kumwagilia miti. Mpira wa maji usiachwe umezama ndani ya pipa au ndoo, kwa sababu maji yakikatika bomba huyanyonya yaliyomo humo. Kwa sababu hiyo hiyo, pampu isiungwe moja kwa moja katika bomba la mtaa. Bomba la maji safi lililopita ndani ya mtaro lihamishwe.

Uvujaji ulio barabarani, au kabla ya mita, si kazi ya mwenye nyumba, na wananchi wanaombwa wasichimbe. Taarifa ipelekwe katika ofisi ya Mamlaka ya Maji Zanzibar iliyo karibu, pamoja na kueleza mahali penyewe na siku uvujaji ulipoonekana. Mpaka bomba hilo litakapotengenezwa, maji ya kunywa yanayotokana nalo yachemshwe.

Wananchi wanakumbushwa kwamba washa moja ya mpira ni rahisi kuliko dawa, na koki inayofungika ni hifadhi ya nyumba nzima.