Kisu ni cha Mwenyeji

Katika bucha za soko la Mikinduri, huku Tigania katika Meru ya Kenya, mnunuzi ndiye mwenye neno. Anaonyesha kwa kidole: nipimie kilo hapo kwenye paja, na mifupa usinizidishie. Nyama huchomwa, ikakatwakatwa juu ya ubao, chumvi pembeni, kachumbari ikafuata. Mtu huyohuyo akialikwa kwenye boma fulani mteremkoni mwa vilima vya Nyambene, siku wazee wanapoketi kuzungumzia mahari, kidole kile hakina kazi. Hapo hakuna kuagiza.

Shughuli yenyewe hutanguliwa na miraa. Ncoolo, fungu teule lililofungwa kwa majani ya mgomba, hupelekwa kwa wazazi wa binti, na wakilipokea mlango umefunguka. Nyama huja baadaye. Anayeshika kisu lazima ajue nani ni nani, maana Watigania, kama Wameru wengine, huhesabiana kwa marika: Ratanya, Lubetaa, Miriti, Gichunge na mengineyo. Kipande cha mzee hakimwangukii kijana kwa bahati. Mkataji akikosea, mtu anaweza kushiba na bado akaenda zake amenuna.

Huko Tokyo kuna watu wanaolipa fedha nyingi ili wasichague. Mlo huo huitwa omakase. Mkahawa uliovuma zaidi ni Sukiyabashi Jiro, mtaa wa Ginza, chini ya ardhi, wenye viti kama kumi tu. Mwaka 2014 Waziri Mkuu Shinzo Abe alimpeleka Barack Obama kula hapo. Mpishi husimama mbele yako, hufinyanga wali wenye siki kwa vidole, huweka juu yake kipande cha samaki, hupaka sosi ya soya mwenyewe, kisha hukuandalia. Kimoja kimoja. Wewe hula papo hapo, kwa mkono ukitaka, na kukiacha kikae huku unapiga soga ni utovu wa adabu. Kwa kawaida samaki wa ladha nyepesi hutangulia, jodari mwenye mafuta hufuata, na yai huja mwishoni.

Mzee wa Mikinduri angeielewa adabu yote hiyo bila kufundishwa. Samaki mbichi ndiye angemshinda. Samaki hakuwa chakula cha jadi huku milimani, na hata serikali ilipoanza kugharamia mabwawa ya kufugia samaki mwaka 2009, wapo waliomtazama tilapia kama mgeni asiyetoa hodi. Sembuse asiyepikwa!

Lakini tofauti kubwa haiko kwenye samaki. Mpishi wa Ginza huusoma mdomo wako. Akiona tonge limekulemea, linalofuata hulipunguza wali. Mkataji wa Tigania hauulizi ulimi wako unapenda nini. Husoma nafasi yako kati ya watu. Tena kiti cha Ginza hununuliwa, ilhali huku Tigania mwenye gari kubwa aliye wa rika la chini hungoja zamu yake. Mimi ubao wa Tigania naupenda zaidi kwa sababu hiyo, ijapokuwa mara nyingine hunipa mbavu ngumu.

Siku hizi kwenye baadhi ya sherehe hupigwa hema, hukodishwa wapishi, na wageni hupanga foleni na sahani. Binti mwenye aproni humpa kila mmoja vipande viwili, awe mzee wa Ratanya awe mtoto wa shule. Wazee nao hutengewa mbuzi wao nyuma ya nyumba, na kisu chao.