Tiketi za Programu Huria: Kikundi cha Mbooni Kilipie Nini?

Vijana watano au sita wa Mbooni wakianza kuandika programu huria, tuseme ya kutunza hesabu za maembe za chama cha wakulima, haupiti muda maombi yanawazidi. Mkulima wa Kalawa anataka risiti ije kwa SMS. Mhasibu wa Kikima anataka ripoti ya mwezi. Mwingine wa Tawa anasema jina lake limeandikwa mara mbili. Pasipo mahali pa kuyaandika, kuyapanga na kuyafuatilia maombi hayo, anayehudumiwa ni yule anayepiga simu mara nyingi zaidi, na aliyenyamaza anasahaulika.

Mbooni iko katika Kaunti ya Makueni, ambayo ina uzoefu wa kazi hii. Miradi ya kaunti hujadiliwa kuanzia kijijini, ikapanda hadi wadi na kaunti ndogo, na ikishapitishwa huwa na kamati ya wananchi ya kuisimamia. Kaunti ilijenga pia, pamoja na shirika la Development Gateway, tovuti ya wazi ya kandarasi inayoonyesha mradi tangu upangwe, utangaziwe zabuni, hadi utekelezwe. Orodha ya vipengele vipya vya programu inahitaji uwazi huohuo: nani aliomba, nani amekabidhiwa, kazi imefika wapi, na kama imekataliwa, kwa nini. Kila ombi likiandikwa hivyo linaitwa tiketi.

Tuanze na mfumo wa tiketi ulio ghali. Jira ndiyo hutumiwa na OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza 2004 na ambao juu yake imejengwa KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini. Tiketi za kiini cha OpenMRS huanza na neno TRUNK likifuatwa na namba, na wachangiaji wametapakaa nchi nyingi. Kwao Jira ina maana. Kwa watu wasiozidi 10 ni bure. Akiingia wa 11, mnalipia wote 11, zaidi ya dola 7 kwa kila mmoja kila mwezi. Hiyo ni kama shilingi 10,000 kwa mwezi, na VAT ya asilimia 16 bado. Mradi huria unaweza kuomba kusamehewa malipo, lakini hata hivyo kurasa zake ni nzito, zinakula bando, na zimejaa vidude ambavyo watu sita hawavihitaji. Kwa Mbooni singeishauri.

Trello ni nyepesi kueleweka: kadi inasogezwa kutoka safu ya "imeombwa" hadi "imekamilika", na hata asiyejua kuandika msimbo huielewa kwa kuitazama tu. Mpango wa bure una kikomo cha watu 10 katika eneo moja la kazi. Shida yake ni kwamba kadi ziko mbali na msimbo. Kazi ikiisha, lazima mtu akumbuke kwenda kuisogeza kadi, na kwa kawaida hakuna anayekumbuka.

Hapo ndipo GitHub, ambako msimbo wenyewe huhifadhiwa, inapoishinda. Mradi wa wazi haulipi chochote kwa tiketi wala kwa ubao wa kupangia, na tangu 2020 hakuna kikomo cha wachangiaji hata kwa mradi uliofungwa. Msanidi akitaja namba ya tiketi pamoja na neno la kuifunga anapowasilisha mabadiliko, tiketi inaweza kujifunga yenyewe mabadiliko yakipokelewa. Unaweza pia kujibu tiketi kwa barua pepe, jambo lenye faida kubwa mtandao ukiwa dhaifu. Ushahidi, iliyozaliwa Kenya Januari 2008 katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi, huweka tiketi zake huko hadharani. Asiyetaka kuitegemea kampuni kubwa ya Marekani ana Codeberg, inayoendeshwa na chama kisicho cha faida cha Berlin kwa michango, na inayopokea programu huria pekee. GitLab nayo ni nzuri, ila kikundi kilichofungwa hupewa nafasi tano tu bila malipo.

Wengi huvutiwa na kuwa na seva yao wenyewe, wakaweka Redmine, ambayo ni huria na bure tangu 2006. Leseni haina bei, lakini seva ndogo ya kukodi ni kama dola 6 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi 9,000 kwa mwaka. Kisha kuna kusasisha, kuhifadhi nakala na kuziba mianya ya usalama. Kazi hiyo humwangukia mtu mmoja, na mtu huyo akipata ajira Nairobi, tiketi zote zinabaki mikononi mwa asiyejua nenosiri. Gharama hiyo haionekani kwenye ankara yoyote, nami naihofia kuliko zile dola 6.

Kuna chaguo moja ambalo halisemwi vya kutosha, nalo ni Fossil. Ukinakili mradi kwa Git kutoka GitHub, unapata msimbo na historia yake. Tiketi na mijadala hubaki kwenye seva ya GitHub. Katika Fossil, tiketi zimo ndani ya hazina ileile ya mradi. Unaweza kukaa bondeni bila mtandao siku nzima, ukasoma maombi, ukajibu, ukafunga yaliyokwisha, kisha ukaoanisha ukipanda mahali penye mawimbi. Iliandikwa na D. Richard Hipp, mwanzilishi wa SQLite, hifadhidata iliyomo karibu katika kila simu, na SQLite yenyewe inasimamiwa kwa Fossil. Haina ada. Upungufu wake ni kwamba wachangiaji wengi hawaijui, na mgeni anayetaka kusaidia atakutafuta GitHub kwanza.

Kwa hiyo kikundi kidogo cha Mbooni ningekishauri kitumie tiketi za GitHub au Codeberg, na mpango wa kazi wa miezi mitatu uandikwe katika faili la maandishi ndani ya msimbo, ili usomeke bila mtandao. Zile shilingi 9,000 ambazo zingelipia seva ziwe za muda wa maongezi na nauli ya boda. Mkulima wa Kalawa hatafungua akaunti ya GitHub. Mmoja wenu ampigie, aandike tiketi kwa maneno yake mwenyewe bila kutaja jina wala namba yake hadharani, na ombi likikamilika au likikataliwa, ampigie tena amwambie.