Fundi wa Miti wa Sachangwan na Mashaka ya Kazi Yake

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Eldoret, akiisha kuipita Salgaa, huanza kupanda mlima mrefu unaomfikisha Sachangwan na kisha Mau Summit. Hapo baridi huzidi, ukungu wa asubuhi hutanda juu ya mashamba ya viazi, na kila boma huonekana limezungukwa na miti mirefu. Kuna misaipresi iliyopandwa kuwa ua na kuzuia upepo, misonobari, mikaratusi ambayo wengi huiita bulugamu, na migrevilea ambayo wakulima huijua kwa jina la mukima. Hapa na pale umesalia mwerezi wa kale, yaani mtarakwa, uliokuwapo kabla ya barabara.

Miti hiyo ni mali, tena ni kinga. Lakini mti uliopandwa na babu karibu na nyumba ya udongo, leo umesimama karibu na nyumba ya mawe, waya za umeme na barabara kuu ipitayo malori usiku na mchana. Tawi moja likikatika, laweza kuua mtu. Ndipo huitwa fundi wa miti. Huyu si mpasua mbao, wala si mchoma makaa. Kazi yake ni kuutazama mti ulio hai, kuupunguza ugonjwa na hatari, na kuuacha ukiendelea kuishi. Na ikiwa hauwezi kuponywa, kuuangusha bila kumdhuru mtu. Wazungu humwita tabibu mpasuaji wa miti, na jina hilo lamfaa, maana naye hukata ili kuponya.

MITI ILIKOTOKA

Inafaa kukumbuka kwamba miti mingi aishughulikiayo fundi huyu si wenyeji wa nchi. Mikaratusi ililetwa Kenya kutoka Australia, na mwaka 1902 ilianza kupandwa ili ipatikane kuni za garimoshi la Reli ya Uganda. Mgrevilea pia asili yake ni Australia, na uliletwa uwe kivuli katika mashamba ya chai na kahawa. Misaipresi ilitoka Amerika.

Mgeni huja na maradhi yake. Msaipresi wa kwanza kupandwa kwa wingi katika nyanda za juu ulishambuliwa na ugonjwa wa donda la gome katika miaka ya 1940, hata wenye misitu wakauacha na kupanda jamii nyingine ya msaipresi, yenye asili ya Mexico. Katika miaka ya 1960 msonobari wa namna moja nao ukapatwa na ugonjwa wa kunyauka majani, ukaachwa. Mwaka 1990 akaonekana Kenya mdudu mdogo anyonyaye utomvu wa msaipresi, ambaye miaka michache kabla yake alikuwa ameharibu miti huko Malawi. Ua zima la kijani liligeuka rangi ya kutu. Wataalamu walileta nyigu mdogo atagaye mayai ndani ya mwili wa mdudu huyo, ili adui apigwe kwa adui yake. Hata hivyo mdudu hakumalizika, na fundi wa miti hukutana naye mpaka leo.

KAZI YENYEWE

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani kwamba huanza kwa msumeno. La, huanza kwa macho. Fundi mwenye akili huuzunguka mti mara mbili au tatu kabla ya kuugusa. Hutazama kama udongo umepasuka upande mmoja wa shina, maana hiyo ni dalili ya mizizi kulegea. Hutafuta uyoga uliomea chini ya shina. Hugonga gome kwa nyuma ya panga na kusikiliza: mti mzima hulia kwa sauti nzito, mti uliooza ndani hulia kama ngoma. Mtarakwa hasa ni mti wa kudanganya. Nje waonekana wenye nguvu kama nguzo, kumbe moyo umekwisha kuliwa na kuvu, na apandaye bila kuuliza amepanda juu ya ganda tupu.

Akiisha kuridhika, hufunga kamba yake na kupanda. Kamba ya katani iliyolowa umande huteleza, na ikizeeka hukatika bila kutoa taarifa; kwa hiyo wenye busara hununua kamba ya nailoni iliyofanywa kwa kupandia, ingawa bei yake ni kubwa. Tawi zito halikatwi kwa pigo moja. Fundi hukata kwanza kwa chini, kiasi cha shibiri mbili kutoka shinani, asifike katikati. Kisha hukata kwa juu, mbele kidogo ya pale alipokata kwanza, na tawi huanguka bila kuchuna gome la shina. Mwisho huondoa kile kisiki kilichobaki, akiuacha ule uvimbe mdogo ulio pale tawi lilipotokea. Uvimbe huo ndio dawa ya mti. Akiukata, ameutia mti jeraha lisilofunga. Akiacha kisiki kirefu, ameuachia mlango wa kuoza.

Jambo hilo lilielezwa vizuri na Bwana Alex Shigo wa Idara ya Misitu ya Marekani, aliyeishi tangu 1930 mpaka 2006. Bwana huyo alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa injini ili aone jinsi majeraha yanavyokwenda ndani. Aliona kwamba mti hauponi kama mtu aponavyo, kwa kuotesha nyama mpya pale palipoharibika. Mti hujenga ukuta ndani yake, ukaufungia uozo usienee, kisha ukaendelea kukua kwa nje. Kwa sababu hiyo kupaka jeraha lami au rangi hakuzuii kuoza, ingawa watu wengi hupaka na kujiona wamefanya jambo la maana.

“KATA KICHWA”

Hapa ndipo mashaka ya fundi yanapoanza. Mwenye boma humwita, akamwonyesha msaipresi mrefu, akasema, “Kijana wangu, mti huu unanitisha. Kata kichwa.” Fundi hujibu kwa adabu, “Mzee, nikiukata kichwa hautakuwa salama. Niruhusu nipunguze matawi haya manne yaliyo upande wa nyumba.” Mzee hutazama juu, akauliza, “Matawi manne tu? Na fedha yote hiyo?”

Ni vigumu kumweleza mtu kwamba anailipia akili, wala si wingi wa kuni zilizolala chini. Lakini neno la fundi ni kweli. Mkaratusi uliokatwa kichwa huchipua machipukizi mengi kwa pupa, nayo hushikwa na gome la juu tu. Baada ya miaka michache huwa matawi mazito yasiyo na msingi, na upepo huyang'oa. Msaipresi nao hauchipui tena katika mti mkavu usio na majani. Ukiukata kupita kiasi umeuua. Mgrevilea ni tofauti, kwa kuwa huvumilia kukatwa matawi mara kwa mara, na wakulima wengi hupata kuni namna hiyo mti usife. Mwenye shamba aliyeona mukima ukichipua vizuri hudhani kila mti una tabia hiyo moja. Fundi akikataa, huitwa mwingine aliye na panga na asiye na maswali, kazi ikafanywa kwa nusu ya bei. Miaka mitatu baadaye fundi wa kwanza huitwa tena, safari hii kuuondoa mti uliokufa juu ya paa.

KUITWA MGONJWA AKIISHA KUFA

Shaka la pili ni kuitwa kwa kuchelewa. Watu hawamwiti fundi wakati majani ya ndani ya msaipresi yanapoanza kugeuka rangi na kunata utomvu wa wadudu. Humwita ua lote likiisha kukauka. Kadhalika mtu huchimba mtaro wa maji au msingi wa nyumba, akakata mizizi yote ya upande mmoja, kisha hushangaa mti unapoinama mvua kubwa zikija. Wengi hufikiri mizizi huenda chini sana kama kisima. Kwa kweli mizizi mingi imo katika futi mbili za juu za ardhi, nayo huenea mbali kupita kivuli cha matawi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; na fundi wa miti hupewa ukuta kila siku.

HATARI YA CHINI YA MTI

Lakini shaka linalomwondolea usingizi si hilo. Ni watu. Sauti ya msumeno wa injini ikisikika, watoto na kina mama hutoka mabomani kuja kuokota kuni. Hilo si kosa la kulaumiwa, maana baridi ya Sachangwan ni kali na kuni zina thamani. Ila wao huja kabla kazi haijaisha, wakaingia chini ya mti kuliwahi tawi, hali yule aliye juu hasikii kitu kwa ngurumo ya injini. Naye huko juu ana hatari zake: ncha ya msumeno ikigusa tawi jingine, msumeno huruka ukamrudia mwenyewe usoni, kabla hajapata nafasi ya kufumba macho.

Mahali hapa panajua, kuliko mahali pengi, gharama ya kukimbilia kitu cha bure. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakusanyika kuteka petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Si vema kulitaja jambo hilo kwa kuwalaumu marehemu, kwa maana umaskini na ajali havikuwa chaguo lao. Hutajwa ili walio hai wakumbuke kwamba kitu cha bure chaweza kungoja robo saa. Fundi akisema, “Mama, rudi nyuma mpaka nitakaposhuka,” hamnyimi mtu kuni; anampa maisha.

Barabara nayo ina hatari yake. Mti ulio ukingoni hauwezi kuangushwa kwa haraka, kwa kuwa malori yashukayo mlima huo hayawezi kusimama ghafula. Kazi hiyo yahitaji watu wa kusimamisha magari pande zote mbili, pamoja na idhini ya wenye mamlaka. Na mti unaogusa waya za umeme usiguswe kabisa na fundi yeyote mpaka wenye umeme waje kuuzima. Mti mbichi una maji, na maji hupitisha umeme. Hata hivyo wako wenye nyumba wasemao, “Hilo ni tawi dogo tu, fundi, litoe upesi.”

KARATASI NA UJIRA

Mambo ya vibali pia humtatiza. Mwezi Februari 2018 Serikali ilikataza kukata miti katika misitu ya umma na ya jamii, kwa ajili ya kulinda vyanzo vya maji. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza, akiwa Molo, kwamba katazo hilo limeondolewa, na shauri hilo likapelekwa mahakamani. Katika miaka hiyo yote fundi aliyekwenda kupunguza matawi ndani ya boma la mtu alitazamwa na wapita njia kama mwizi wa msitu. Mwenye mti hudhani kibali ni shauri la fundi, na fundi hudhani ni shauri la mwenye mti. Wote wawili hujuta gari la kuni likisimamishwa njiani.

Tena kuna suala la kuumia. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humtazama mtu aliyeajiriwa. Fundi anayekwenda boma kwa boma kwa mapatano ya mdomo hujitegemea mwenyewe. Akianguka, gharama ya hospitali ni yake na ya watoto wake. Hata hivyo ni huyo huyo anayeombwa apunguze bei, au aambiwe achukue kuni badala ya fedha.

YAFAAYO KUFANYWA

Mashaka haya hayakosi dawa. Mwenye miti na aitazame miti yake kila mwaka kabla ya mvua za masika, hasa ile iliyo karibu na nyumba, shule na njia. Akiona ufa, uyoga au majani yanayogeuka rangi, na aite fundi mapema, au apate shauri kwa maafisa wa misitu. Kabla ya kuchimba mtaro, na aulize mizizi iko wapi. Wapandao miti leo na wafikirie urefu wake baada ya miaka thelathini. Mkaratusi hauna kazi karibu na ukuta wa nyumba, wala karibu na chemchemi.

Na vijana wanaotaka kazi hii wasione haya kujifunza. Karibu na hapo, Londiani, kuna chuo cha misitu kilichoanzishwa mwaka 1957, na elimu ya miti haiwahusu walinzi wa misitu peke yao. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ya kwanza ni maarifa. Kofia ngumu, kamba nzima na mwenzi mmoja wa kusimama chini akiwazuia watu, hizo si anasa. Ni sehemu ya bei ya kazi, na mwenye boma anayezikataa anamwomba mwenziwe ahatarishe roho yake ili yeye aokoe shilingi chache.

Mti uliotunzwa vizuri hauonyeshi kwamba umetunzwa. Husimama tu, ukatoa kivuli na kuzuia upepo, na watu hupita chini yake bila kufikiri neno. Ndiyo maana fundi wa miti husahauliwa upesi kazi yake inapokuwa njema, na hukumbukwa pale tu jambo linapoharibika. Wakazi wa Sachangwan, na wa kila mahali penye miti mirefu, wangefanya vema kumkumbuka kabla ya hapo.